Rido za kikwembe na saloni ya Bonane

Mama Mshauri, salamu nyingi.

Ninakuandikia kutoka Bel-Air, hapa Lubumbashi. Nina miaka 31 na ninafanya kazi ya umeme katika kampuni moja ya malori. Tulifunga ndoa mwezi wa saba, kwanza komini (ofisi ya serikali), kisha kanisani. Bibi yangu ana miaka 29, ni mshonaji, na kazi yake anaifanyia nyumbani. Ninajua wengine wanakuandikia habari za ndoa zinazovunjika. Yetu ni habari ya viti na mapazia, lakini siku hizi tunalala kila mtu amempa mwenzake mgongo.

Nyumba ni ya kupanga: vyumba viwili, saloni (sebule), jiko la nje. Mwenye nyumba alidai garanti, yaani dhamana ya kodi, ya miezi sita, na hiyo garanti ndiyo iliyokula pesa niliyoweka kwa ajili ya viti. Tuliingia na matela (godoro), meza, viti vya plastiki na cherehani ya bibi yangu. Nilimwambia mama yangu: mtuvumilie, kabla ya Bonane, siku ya Mwaka Mpya, saloni itakuwa tayari.

Bibi yangu hakusubiri. Alianza kupanga nyumba kwa namna yake. Alishona rido (mapazia) za kikwembe, yaani kitenge, za rangi ya machungwa na buluu, akazitundika madirisha yote. Alitengenezesha mabenchi mawili ya chini kwa fundi mbao wa jirani, akayawekea mito iliyojazwa vipande vya nguo vinavyobaki kwenye kushona. Chini ametandika mkeka. Ukutani ametundika sahani ya shaba yenye tembo, aliyoiacha marehemu baba yake. Cherehani ameiweka karibu na dirisha, palepale nilipopanga kuweka tele (televisheni). Nape (kitambaa cha meza) nyeupe ya kufuma ambayo mama yangu alitupa siku ya harusi ameikunja vizuri, pamoja na maua ya plastiki, na vyote viko ndani ya mfuko juu ya kabati la nguo.

Sisemi ni vibaya. Wateja wake wanasifu, wengine wanapiga picha. Lakini yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, alipokuja kutusalimia, aliketi kwenye benchi magoti yakamfika kifuani, akatazama huku na huku, akauliza: "Mungali munahama?" Bibi yangu alicheka. Mimi sikucheka. Neno hilo lilifika kwa mama huko Katuba kabla ya yaya mwenyewe kufika.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume. Tangu baba alipofariki, Bonane tunaifanyia kwa mama. Mwaka huu mama alisema: sasa una bibi, Bonane ni kwako. Watu watakuwa ishirini na kitu, pamoja na baba mdogo anayetoka Kolwezi. Nilikubali papo hapo. Ningekataaje?

Zamu yangu ya likelemba (mchango wa kupokezana) kazini inaangukia mwanzo wa Desemba, dola 800. Kuna fundi anayetengeneza saloni kamili, fotei (viti vya sofa) kubwa na kimeza cha katikati, kwa dola 950. Anakubali avansi (malipo ya kwanza) ya 600, nyingine nilipe Januari na Februari. Anataka jibu kabla ya mwisho wa Novemba, kwa sababu kila mtu anataka viti vipya kabla ya sikukuu.

Nilipomweleza bibi yangu, alinyamaza kwanza. Kisha akasema hataki deni la viti ndani ya nyumba. Kama pesa ipo, tupake kuta rangi na tununue paneli ya jua na betri, maana umeme ukikatika usiku hawezi kushona. Na Bonane ya kwanza ya ndoa yetu anaitaka tuwe wawili, mlango umefungwa, tuchome michopo ya nyama uani na tulale mchana. "Watu wako watakuja siku nyingine," alisema.

Nilimuuliza kama anaionea haya familia yangu. Akajibu: "Kwetu tulikuwa na saloni nzuri. Niliiona ikitoka mlangoni." Akaenda kulala. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, huko Likasi, na ninajua walipata taabu miaka ile, kama watu wote. Lakini hiyo ni habari ya zamani. Mimi ninapata mshahara wangu kila mwezi.

Rafiki yangu ananiambia niagize tu. Bibi akiviona viti ndani ya nyumba, hasira itaisha. Yaya anasema mwanaume asiye na mahali pa kukalisha wageni ni kama hajaoa. Mama Mshauri, je, ni kosa kutaka nyumba inayofanana na nyumba? Na mama yangu nitamwambia nini?

Bwana wa Bel-Air

*

Bwana wa Bel-Air, aksanti kwa kuniandikia, na usiombe radhi kwa udogo wa habari. Watu wawili wanaogawana paa moja hupimana kwa vitu hivihivi: kiti kikae wapi, nani aje lini, nani apike.

Nikikuelewa vizuri, umeahidi mambo mawili kwa mama yako, saloni na Bonane, na yote mawili yanadai pesa ileile na tarehe ileile. Bibi yako naye amepanga nyumba ambayo yeye anaiona imekamilika, wewe unaiona bado haijaanza. Katikati yenu kuna fundi mwenye haraka. Swali la kwanza ni hili, na ujijibu mwenyewe kabla ya kunijibu mimi: kama Bonane ingefanyika Katuba kama miaka yote, je, ungezitaka hizo fotei mwezi huu? Kama jibu ni ndiyo, basi unazitaka kweli, na una haki ya kuzitaka. Kama jibu ni "ningeweza kusubiri", basi unachonunua kwa dola 950 ni siku moja.

Umeniuliza kama ni kosa kutaka nyumba inayofanana na nyumba. Inayofanana na ya nani? Waulize wazee wa Kamalondo na wa Kenya, komini za hapa Lubumbashi, saloni ya mfanyakazi ilikuwaje miaka ya 1970. Watakutajia viti vya mbao na radio, na ukutani picha ya mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Wachoraji wa mji huu walizichora nyingi sana, na mtu aliyejiheshimu alikuwa nayo. Wengine walitundika picha ya "Colonie belge", mfungwa akichapwa fimbo mbele ya ofisa mzungu, na wageni walikaa chini yake wakanywa na kusimulia. Leo mahali pa mamba muntu pamechukuliwa na tele bapa. Ukiingia katika saloni ya leo yenye fotei za mkono mnene, zimejaa hadi huwezi kupita bila kujikunja, kumbuka kwamba na hiyo ni mtindo wa wakati wake. Mimi binafsi sizipendi, na nimekwambia ili ujue upande wangu uko wapi unaposoma yanayofuata.

Lakini yaya yako naye hakusema uongo mtupu. Benchi la chini ni zuri kwa miguu ya miaka 29. Nikikaa mimi hapo, wataitwa vijana wawili kunisimamisha. Mama yako akija, na baba mdogo baada ya safari ya Kolwezi, wanahitaji kiti chenye mgongo na mikono ya kushikilia. Haja hiyo ni ya kweli na haina majivuno ndani yake. Ukimwambia bibi yako, "mama hawezi kuinuka kutoka kwenye benchi," atakusikia kwa namna nyingine kuliko ukisema, "yaya ametucheka."

Kuna neno moja katika barua yako umelipita haraka, na mimi nimelirudia zaidi ya mara moja. "Niliiona ikitoka mlangoni." Wewe umejibu kwamba hiyo ni habari ya zamani. Hebu tuhesabu. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na baada ya hapo mambo yalishuka mpaka, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hazikufika hata tani 30,000. Mishahara ilikaa miezi na miezi bila kutoka. Mwaka 2003 ulianza ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi. Bibi yako wakati huo alikuwa mtoto wa miaka sita au saba. Katika nyumba nyingi za Likasi, Lubumbashi na Kolwezi, kilichouzwa ili watoto wale ni kile kilichokuwa saloni: radio, friji, kisha viti.

Sijui kilichotokea kwao hasa. Nawe hujui, kwa sababu hukumuuliza. Inawezekana viti viliuzwa. Inawezekana vilichukuliwa na mtu aliyekuwa akidai. Anaposema hataki deni la viti, wewe umesikia dharau kwa familia yako. Mimi nasikia mtu ambaye kwake fotei za mkopo ni kitu kinachokuja na kuondoka mbele ya macho ya majirani. Lakini pia nijizuie: huenda bibi yako anayapenda tu mabenchi yake na rangi ya machungwa, basi. Watu hawapangi nyumba kwa majeraha tu. Muulize.

Na yeye kuna jambo ambalo sina hakika analijua. Umemweleza bei ya fotei na masharti ya fundi. Je, umemweleza kwamba tangu baba yako afariki, hii ni mara ya kwanza familia inakuja kuketi kwako? Mtoto wa kwanza wa kiume anayepokea watu wa baba yake anataka waone kwamba kiti cha baba hakikubaki wazi. Haja ya namna hiyo haisomeki katika bei ya fundi. Aidha, nape ya mama iliyofungwa katika mfuko: nani aliifuma? Kama ni mama kwa mikono yake, basi jambo hilo limepita mapambo, na bibi yako, mshonaji, ndiye mtu wa kwanza atakayelielewa akielezwa.

Sasa tuzungumze pesa, maana tarehe inakaribia.

Ukiagiza saloni kamili, avansi ya 600 inakuachia 200 katika dola 800. Kwa hizo 200 utalisha watu ishirini na kitu: kuku, mchele, bukari (ugali), samaki, vinywaji, makala (makaa). Baada ya sikukuu utabaki na deni la 350. Na likelemba haiishi siku unapopokea. Utaendelea kutoa sehemu yako mpaka wenzako wote wapate. Januari yako itakuwa na fundi mlangoni na wenzako wa kazi pembeni. Inawezekana kulipa, watu wanalipa. Ila jua kwamba deni hilo ndilo hasa bibi yako alilokataa, na atalitazama kila akipita saloni. Tena kuna jambo la fundi mwenyewe. Kazi zinazosukumwa Desemba huwa na mbao ambayo haijakauka, na mvua zimeshaanza. Fotei hufichwa na kitambaa chake, kwa hiyo uombe kuiona kabla haijavikwa: ni mbao ngumu ya mulombwa au ni mbao za masanduku? Sponji ni ngumu au italala kabla ya Pasaka?

Shauri la rafiki yako, kuagiza kimya kimya, silipendi, na sitajifanya nimelipima sawasawa na mengine. Mkiwa hamkuchagua utaratibu mwingine wa mali siku mlipoandikisha ndoa komini, Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inavihesabu vitu mnavyopata ndani ya ndoa kuwa vya ninyi wawili. Fotei zitakuwa zake pia. Kumnunulia mtu kitu chake bila yeye kujua, tena kwa deni aliloshakataa, ni mwanzo mgumu.

Mkifuata njia yake, rangi na paneli, nako kuna mambo. Kuta ni za mwenye nyumba. Pateni ruhusa yake kwa maandishi, na muulize kama atapunguza kodi. Halafu kupaka rangi katikati ya mvua za Lubumbashi ni kucheza bahati nasibu: ukuta ukiwa na unyevu, rangi huvimba na kubanduka. Mwezi wa tano au wa sita ungekuwa na busara zaidi. Paneli ni habari nyingine. Mkihama mtaondoka nayo, na inaingiza pesa kila usiku ambao umeme umekatika. Wewe ni fundi umeme, bwana; nimeshangaa wazo limetoka kwake. Hatari ya njia hii naiona kwako. Ukikubali kwa kinyongo, utaanza kujiona mpangaji katika karakana ya mke wako, na mwezi wa tatu mtagombania mahali pa tele. Kama saloni ni mahali pake pa kazi na mahali pako pa kupumzika, mpaka wake mwuchore mkiwa mmetulia. Bado kuna chumba cha pili, ambacho barua yako haikukitaja hata kidogo. Kina nini?

(Kwa pembeni tu: sheria ya kupanga nyumba ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Najua mjini wanafanya yao. Lakini siku mtakapohama, ijue sheria hiyo.)

Mnaweza pia kukutana katikati: fotei mbili au tatu za wazee kutoka kwa fundi yuleyule, zilipwe taslimu, mito ishonwe na bibi yako kwa kikwembe chake. Wengine wote wakae viti vya kukodi uani, chini ya bashi (turubai), kwa sababu mvua ya Januari haina heshima kwa mtu. Ubaya wa katikati ni kwamba huenda usimridhishe mtu yeyote. Yaya ataona saloni iliyokatika, na bibi yako ataona awamu ya kwanza ya fotei zilizobaki. Kama mtachagua hivyo, semeni wazi kama ni mwisho au ni mwanzo.

Bonane yenyewe naiona ngumu kuliko viti. Ulikubali papo hapo, nami ninaelewa; mama akisema neno kama hilo, mtoto hana mdomo wa kusema "nitafikiri". Lakini watu ishirini na kitu watapikiwa na nani? Na Desemba kwa mshonaji ni mwezi gani? Kila mama wa mtaa anataka nguo yake kabla ya Noeli, na aliyechelewa anaitaka kabla ya Bonane. Bibi yako atakaa kwenye cherehani mpaka tarehe 31, tena kwa umeme unaokatika. Anapokwambia anataka kufunga mlango na kulala mchana, huenda hazungumzii familia yako hata kidogo. Huenda anazungumzia mgongo wake.

Mnaweza kuiacha Bonane Katuba mwaka huu, mkaenda wote wawili asubuhi na mkarudi mapema, na siku ya Noeli mkaufunga mlango. Mama atasikitika, kwa sababu alikuwa anakukabidhi kitu. Mnaweza kuwaalika tarehe 4 Januari, siku ya mashahidi wa uhuru, ambayo ni siku ya mapumziko. Lakini aliyetoka Kolwezi huenda ameshapanga kurudi, na wengine watasema mmewapa makombo ya sikukuu. Mnaweza kuwapokea tarehe 1 kama ulivyoahidi, dada zako wakaja kupika tangu asubuhi, na usiku wa kuamkia ukawa wenu wawili baada ya kanisa. Hapo bibi yako ndiye anayetoa zaidi, na itabidi ajue wewe umetoa nini. Siwezi kukuchagulia. Mimi simjui mama yako anavyonyamaza anapoumia, wala simjui bibi yako anavyokubali jambo asilolitaka.

Lolote mtakaloamua, nenda Katuba mwenyewe. Usilipitishe kwa yaya. Tumeona maneno yake yana mwendo gani. Na mbele ya mama usiseme "bibi yangu hataki". Useme "sisi tumeona hivi", hata kama mioyoni mwenu bado mnabishana. Bibi harusi wa miezi michache akibebeshwa neno la kukataa sikukuu, atalibeba miaka. Siku mama atakapokuja, hata kama ni kunywa chai tu, muombe bibi yako nape itoke kwenye mfuko. Muombe, usimwamuru, atajua yeye mwenyewe itakaa wapi bila kugombana na rangi ya machungwa.

Fundi mwambie asubiri siku chache. Atalalamika, lakini fundi hapotezi mteja wa avansi. Kabla ya kurudi kwenye bei, tafuta jioni ambayo bibi yako hana nguo ya mteja wa kesho, kama Novemba ina jioni ya namna hiyo, umuulize habari za ile nyumba ya Likasi: viti vilikuwa vya rangi gani, vilikaa wapi, nani alivibeba. Usikilize bila kumkatiza kwa kusema una mshahara.

Na mkiagiza fotei hata mbili, niandikie fundi ametumia mbao gani. Mimi pia natafuta fundi.

Mama Mshauri